Risasi Gani kwa Mnyama Gani?

Kando ya Msitu wa Kakamega mahindi hayakomai bila mlinzi. Nyani hushuka kwa makundi, na mwenye shamba asipowahi hukuta magunzi tu. Hapo watu husema, "Na atafutwe mtu mwenye bunduki, yo yote itafaa." Lakini bunduki si zote sawa, wala risasi si zote moja, na kosa katika jambo hili huweza kuleta msiba uliozidi hasara ya mahindi.

Bunduki hutajwa kwa kipimo cha tundu la mtutu wake. Ile iitwayo .22 ina tundu la milimeta 5.6 hivi, na risasi yake ya kawaida haizidi sana gramu mbili na nusu. Hiyo yafaa panya na sungura. Bunduki ya .303, iliyotumiwa na askari wa King's African Rifles, ina tundu la milimeta 7.7, na risasi yake ni gramu 11 hivi. Ile ya .375, iliyotolewa Uingereza mwaka 1912, hutupa risasi ya gramu 19 hivi, nayo ilipendwa sana na wawindaji wa nyati na tembo.

Tena iko tofauti ya risasi zenyewe. Risasi yenye ncha laini hupanuka mfano wa uyoga iingiapo mwilini, ikamwangusha upesi mnyama mwenye ngozi nyepesi, kama paa au nyani. Risasi iliyofunikwa yote kwa madini magumu haipanuki, bali hupenya mfupa mnene wa tembo. Mtu akimpiga nyani kwa risasi ngumu, huenda ikapita moja kwa moja na kumdhuru aliye nyuma yake. Akimpiga nyati kwa risasi laini, huenda isifike moyoni, naye nyati aliyejeruhiwa ni hatari kubwa.

Wala ukubwa wa bunduki pekee hautoshi. Mwindaji wa Kiskoti, W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne ya ishirini, aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimeta 7. Siri yake ilikuwa risasi ngumu na shabaha ya hakika: alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Asiye na ujuzi huo akimwiga, humjeruhi mnyama bure na kujitafutia kifo.

Neno kubwa zaidi ni mahali risasi iendapo ikikosa. Risasi ya .22, ingawa ni ndogo, huweza kwenda zaidi ya kilometa moja, ile ya.303 hupita kilometa mbili. Kakamega ni nchi yenye watu wengi, na nyuma ya shamba la mahindi pana nyumba, kisima, au njia ya watoto waendao shule. Kwa hiyo mpigaji mwema hafyatui risasi asipoona nyuma ya mnyama kilima au udongo wa kuizuia.

Tangu mwaka 1977 uwindaji umekatazwa nchini Kenya, na kuwa na bunduki bila cheti ni kosa la jinai. Sehemu ya kaskazini ya msitu huu ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa bunduki na risasi si kazi ya mwenye shamba, bali ni ya askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya, yaani KWS, waliofundishwa kazi hiyo.

Yampasa mwenye shamba kuweka walinzi na mbwa mapema mahindi yaanzapo kubeba, na kushirikiana na jirani zake katika zamu. Wanyama wakizidi, na apeleke habari kwa chifu au kwa KWS bila kukawia, akieleza ni mnyama gani, wako wangapi, na saa wanazofika. Habari hizo ndizo zitakazomwezesha askari kujua la kufanya, na kama ni lazima kupiga, achukue bunduki ipi na risasi ipi.