Kuruka Katika Ukingo wa Iten

Wasomaji wetu bila shaka wameona katika picha watu waliokaa angani chini ya kitambaa cha rangi, wakielea juu ya bonde bila ya injini wala mlio. Mchezo huo huitwa paraglaidingi. Wengine husema ni kuruka kwa mwavuli, ijapokuwa kitambaa kile si mwavuli khasa, ni bawa. Kimeshonwa tabaka mbili, ndani vifuko vifuko, hewa huingia kwa mbele ikakijaza, kikapata umbo la bawa la ndege. Kikikunjwa, mtu hukitia katika mfuko akauchukua mgongoni. Mchezo ulianza Ufaransa mwaka 1978, katika kijiji cha Mieussy, pale Jean-Claude Bétemps, André Bohn na Gérard Bosson, wazoefu wa miavuli ya ndegeni, walipokimbia mteremkoni na miavuli yao wakapaa, pasina kuhitaji ndege ya kuwapandisha.

Basi kijana wako akikujia akakwambia, "Baba, nataka kwenda Iten kuruka," utamjibu nini? Wengi wetu tutakimbilia kukataza, na baadhi yetu tutatoa fedha ili tupumzike na kelele. Majibu yote mawili ni ya mtu asiyejua. Afadhali tujue, kisha tukatae au turuhusu kwa ujuzi.

Iten ni mji wa Kenya, katika kaunti ya Elgeyo Marakwet, ulio juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 2,400. Ulimwengu waujua kwa wakimbiaji wake. Lakini mashariki ya mji ardhi hukatika ghafula, na chini yake, kiasi cha mita elfu moja na zaidi, limelala bonde la mto Kerio, mto uendao kaskazini hata ziwa Turkana. Katika miezi ya Desemba mpaka Machi, wakati ule ule ambao huku pwani twavumiwa na kaskazi, upepo wa mashariki hulivuka bonde ukaugonga ukuta ule, na kwa kuwa hauna pa kupita, hupanda juu. Upepo huo upandao ndio humchukua mrukaji. Marubani hutoka Ulaya na kwingineko kuufuata.

Sasa hapa pana jambo ambalo watu wa majahazi watalifahamu upesi kuliko watu wa bara. Kila kilima kina upande wa joshi, unaopigwa na upepo, na upande wa demani, uliofichika. Upande wa joshi hewa hupanda kwa utaratibu. Upande wa demani huanguka na kujizungusha, ikawa kisulisuli. Bawa la kitambaa likiingia katika kisulisuli hukunjamana, na likikunjamana karibu na ardhi, hata ule mwavuli wa akiba huenda usipate nafasi ya kufunguka. Khatari ya Iten kwa hiyo haiko mbele tu, kwenye shimo ambalo kila mtu hulitazama kwa khofu. Iko nyuma pia, juu ya uwanda, pale penye nyumba na mashamba, mahali paonekanapo pa amani.

Mtu hufikaje huko nyuma? Bawa la namna hii hukata hewa kwa mwendo wa kilomita 35 hadi 40 kwa saa tu. Upepo ukifika kwenye mdomo wa ukingo hubanwa na kuongeza kasi, kama maji ya mfereji yafikapo mahali pembamba. Aliyesimama chini kidogo akaona upepo ni wa wastani, akipanda mita mia moja huenda akakuta upepo sawa na mwendo wake, naye akasimama angani kama dau lililokabiliwa na mkondo. Ukizidi, arudi kinyumenyume. Rubani mwenye akili hulijua hilo kabla ya kuondoka, hukaa mbele ya ukingo, na aonapo mwendo wake wapungua hutoka bondeni mapema, asingoje mpaka lazima imshike.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa una sura ya neema. Jua la asubuhi huupiga ukuta wa mashariki, mawe yakapata moto, na hewa moto ikapanda usoni pake. Siku nyingine upepo wa juu umekwisha geuka na kutoka magharibi, nao uso wote wa ukingo umekuwa demani. Lakini mtu aliyesimama ukingoni huona hewa yamjia usoni vizuri, akadhani mambo ni sawa. Akiruka ataingia katika vurugu. Dawa yake ni kutazama mbali: mawingu yaelekea wapi, moshi wa bondeni walalia upande gani. Na adhuhuri, jua likishika, nguzo za hewa moto huwa na nguvu ya kumpandisha mtu mita tano kwa nukta moja au zaidi, na pembeni mwake hewa huanguka vile vile. Wakati huo ni wa mabingwa. Mwanafunzi asubiri hewa itulie, na pengine siku nzima ipite bawa likiwa mfukoni. Kusubiri huko ni gumu kwa kijana aliyelipa nauli, akawaona wenziwe wako juu.

Angani nako kuna haki za watu. Wawili wakikutana uso kwa uso kando ya ukingo, mwenye ukingo kuliani mwake ndiye apishwaye, maana hana pa kujitenga. Mwenye ukingo kushotoni hugeuka kulia, akatoka bondeni. Kila ageukaye karibu na kilima hugeukia nje. Aingiaye katika nguzo ya hewa huzunguka upande ule ule aliouanza mwenziwe aliyetangulia. Na aliye juu humpisha aliye chini, kwa sababu wa chini amefunikwa na bawa lake mwenyewe wala haoni kilicho juu yake.

Ama wenyeji, wao hawakuomba wageni wawashukie kutoka mbinguni. Chini pana mahindi na mtama, pana mbuzi wanaoshtuka na kuvunja boma wakipitiwa na kivuli kikubwa, pana skuli ambazo watoto wake hutoka mbio darasani waonapo bawa. Si haki kuruka chini chini juu ya paa za watu, wala kutua katika shamba lililopandwa ilhali pana uwanja mtupu mbele. Aliyeharibu mazao amtafute mwenyewe, aombe radhi na alipe. Tena bonde lina mambo yake: katika hifadhi ya Rimoi muna tembo, na si mahali pa kutua kwa miguu. Sehemu za kaskazini zimepatwa na fitina ya wizi wa mifugo, hata Februari 2023 Serikali ya Kenya ikapeleka jeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita, Elgeyo Marakwet ikiwemo. Rubani atakaye kwenda mbali upande huo awaulize kwanza wakaazi, na neno lao alisikilize.

Wengi wa vijana wetu hawataruka peke yao, bali watafungwa mbele ya rubani kama abiria. Mzazi na aulize: rubani huyu amefundishwa wapi, amerukia ukingo huu miaka mingapi, na ni lini mara ya mwisho alipoghairi kwa sababu ya upepo? Asiyewahi kughairi simwamini. Kisha mikanda ya mapajani itazamwe mara mbili, maana wako walioisahau wakaning'inia kwa mikono. Kanzu na buibui hazifai hapo, kwa kuwa hunasa miguuni. Suruali pana na vazi lililofungwa vizuri husitiri na kuacha miguu huru. Na miguu yahitajiwa: juu ya Iten hewa ni nyepesi, bawa hudai mbio zaidi kabla ya kuinuka, na abiria akaaye kitako upesi humwangusha na rubani wake. Labda ndiyo sababu mji wa wakimbiaji umewafaa.

Akishatua, kazi ya kwanza ya mrukaji ni kulikusanya bawa lake. Kwa marubani walio angani, bawa lililoachwa limetandazwa chini ni alama kwamba mwenyewe ameumia, nao watakatiza safari zao waje kumtafuta. Kwa hiyo atuaye salama kisha akaketi kunywa maziwa na wenyeji, bawa lake likiwa bado shambani, huwatia wenziwe khofu bure na kuwaharibia siku.