Ukitaka kuijua kilti ya Mskoti, igeuze ndani nje

Wiki hii najibu swali ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu nilipotamka hapa redioni kwamba kilti ya Waskoti, ile ambayo wengi wetu huiita sketi ya wanaume, inaweza kukushinda bei kuliko suti. Wananiuliza, kwa nini? Nguo ya kuzungusha kiunoni tu, tena isiyo na hata mfuko mmoja, igharimu mamia ya pauni?

Jibu lake nililipata kwa aibu. Mwaka 2014 nilikuwa Glasgow kuripoti Michezo ya Jumuiya ya Madola. Siku ya mapumziko nikapanda treni kwenda Edinburgh, mji aliosoma Mwalimu Nyerere kati ya mwaka 1949 na 1952. Huko nikaingia katika karakana ya mama mmoja wa makamo anayeshona kilti kwa mkono, nikakaa naye saa mbili nzima nikimhoji. Aliponitajia bei, nikamshukuru, nikatoka. Mtaa wa pili nikakuta duka la watalii, nikanunua kilti nyekundu kwa pauni 25. Nikajiona mjanja.

Zawadi ile ilikuwa ya baba. Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani, na baraza yake ilikuwa Magomeni. Nilipomkabidhi, hakuitazama mbele hata kidogo. Aliigeuza ndani nje, kama afanyavyo fundi yeyote. Kisha akachomoa uzi mmoja, akauwasha kwa kiberiti. Uzi ukayeyuka, ukawa punje nyeusi ngumu.

"Hii si sufu," akasema. "Sufu ikiungua hunuka nywele, na ukiishika inakuwa majivu. Huyo mama uliyemwona, yeye anafanyaje?"

Basi nikalazimika kumweleza, naye akinikatiza kila hatua.

Kilti ya mwanamume iliyoshonwa kwa desturi huchukua yadi 8 za kitambaa, yaani zaidi ya mita 7. Ni sufu iliyosokotwa ikakaza, nzito, kiasi kwamba nguo ikikamilika huwa na uzito wa karibu kilo 2. Mirabamiraba yake, inayoitwa tartani, haikuchapwa juu ya kitambaa. Imefumwa. Nyuzi za mtande na za mshindio hupangwa kwa mfuatano mmoja wa rangi. Nyekundu ikikutana na nyekundu hutoa nyekundu kamili, ikikutana na kijani huchanganyika. Mfuatano huo hurudiwa tena na tena mpaka mwisho wa jora. Na chini ya kilti hakuna upindo. Ukingo uliofumwa na mfumaji mwenyewe, ambao hauchambuki, ndio unaoachwa uonekane, ili marinda yaning'inie sawasawa bila kuvutwa na mshono.

"Yadi 8 kwa mtu mmoja," baba akaguna. "Zinakwenda wapi?"

Zinakwenda nyuma. Mbele ya kilti ni vipande viwili bapa vinavyopandana, cha juu kikifungukia upande wa kulia. Nguo iliyobaki yote hukunjwa marinda nyuma, marinda 25 hadi 30 hivi, kutegemea mtu na kitambaa. Hapo ndipo kazi ilipo. Fundi huanza kwa kuchagua mstari upi ukae katikati ya mbele. Kisha kila rinda humeza mfuatano mmoja mzima wa mirabamiraba, na kutoa nje ukanda mwembamba tu, kama inchi moja, ambao ni mwendelezo wa ule uliotangulia. Rinda baada ya rinda, mchoro unajijenga upya. Ukimtazama mtu nyuma huoni mikunjo. Unaona tartani ile ile ya mbele, kana kwamba kitambaa hakikuguswa.

Sasa, mtu ni mpana nyongani na mwembamba kiunoni. Kwa hiyo kila rinda lazima lipungue kidogo kidogo kutoka nyonga kwenda juu, chini ya robo inchi, na bado mistari ikutane. Fundi akikosea upana wa uzi mmoja tu katika kila rinda, makosa hayo yanajumlishwa mara 27 au 28, na mwishowe kiuno hakifungi au mchoro unapinda kama barabara ya mlimani. Yule mama alikuwa na subana kidoleni, akishona mishono midogo ambayo mimi, nikiwa nimeinama karibu kabisa, sikuiona.

Iko namna nyingine, ya kijeshi. Badala ya kuujenga mchoro wote, mshonaji hukunja kila rinda juu ya mstari mmoja ule ule. Kikosi cha Gordon Highlanders, ambacho kiliunganishwa na kingine mwaka 1994, kilichagua mstari wa njano. Askari wakipiga hatua, marinda yanafunguka na kufunga, rangi zinawaka na kuzimika. Baba aliipenda habari hii, alinitaka niirudie.

Mishono huishia nyongani. Kutoka hapo kwenda chini marinda huachwa huru, lakini kwanza hupigwa bandi kwa uzi mweupe ili yasihame wakati wa pasi. Pasi yenyewe ni ya moto na kitambaa kibichi, na sufu, ikishapokea mvuke, huukumbuka ule mkunjo.

Kisha ndani. Pale kiunoni marinda yote hayo yakibaki, mtu angevaa kitu kama mto wa kulalia. Kwa hiyo fundi hukata nguo iliyozidi upande wa ndani, akashonea turubai ngumu itakayobeba mvuto wa mikanda mitatu ya ngozi na bizimu zake, ili mzigo usiangukie marinda. Mwisho huweka bitana, na siri yote inafunikwa. Fundi mzoefu hutumia kama saa 20 hivi.

"Na cherehani?" baba aliuliza, na nadhani aliuliza kwa wivu kidogo.

Cherehani zinatumika, na ziko kilti nzuri tu zilizopita humo. Lakini mshono wa mkono hulegea na kukaza pamoja na kitambaa, na mtu akinenepa unafumuliwa bila kuacha alama. Bizimu zinasogezwa, marinda yanaachiwa, kilti ya baba inavaliwa na mtoto, hata na mjukuu.

Kuhusu uvaaji, nitasema kwa kifupi. Kilti haishuki chini ya goti; huishia katikati ya pia ya goti au juu yake kidogo. Pini ya mapambo hushika kipande cha juu peke yake. Mgeni huitambulisha ugeni wake kwa kuipenyeza mpaka cha chini, na akiketi anachana nguo ya watu. Kwa kuwa hakuna mfuko, mkoba wa ngozi uitwao sporani huning'inia mbele. Soksi ndefu, na kisu kidogo kikichungulia ndani ya soksi. Hayo ndiyo wanayopiga picha watalii. Fundi wa kilti akikuona humwambii kitu kwa soksi. Atazunguka nyuma yako.

Nguo hii imewahi kumfunga mtu jela. Baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, serikali ya London ilipitisha sheria ya kuwakataza wanaume na wavulana wa Nyanda za Juu za Uskoti kuvaa mavazi yao. Kosa la kwanza lilikuwa miezi 6 gerezani. La pili, kusafirishwa ng'ambo miaka 7. Askari wa mfalme peke yao ndio walioruhusiwa. Sheria ikafutwa mwaka 1782. Miaka 40 baadaye, mwaka 1822, Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, naye mwandishi Walter Scott akapanga sherehe, na mfalme mwenyewe akatinga kilti. Kutoka hapo ikawa fasheni ya taifa zima, na kila ukoo ukaanza kuulizia tartani yake. Kwa hiyo Mskoti akikuambia kwamba tartani ya ukoo wake ina miaka elfu moja, mpe chai, usibishane naye.

Kilichoshindikana kwa jela kinakaribia kufanywa na maduka. Mwaka 2021 shirika la Uingereza liitwalo Heritage Crafts liliuweka ushonaji wa kilti katika orodha yake ya ufundi ulio hatarini. Kujifunza kunachukua miaka, na bei ya haki haishindani na kilti za nyuzi za viwandani zinazoletwa kutoka nje na kuuzwa kwa watalii. Wanunuzi wa kilti hizo ni watu kama mimi, waliokaa saa mbili na fundi, wakashukuru, wakatoka.

Baba hakunigombeza. Aliifumua kilti yangu yote, akaipima, akakuta yadi 4 na ushee. Alisema hazitoshi kuurudisha mchoro, lakini mstari mmoja, kama wale askari, labda. Pasi yake ya mkaa ikaacha doa linalong'aa kwenye rinda la kwanza, kwa sababu kitambaa kile hakistahimili moto. Akaanza tena pembeni.

Alifariki mwaka 2019. Katika sanduku lake la nyuzi tuliikuta imekunjwa ndani ya gazeti. Marinda 6 yalikuwa yameshonwa kwa mkono, mstari mweupe ukiwa katikati ya kila moja. La saba lilikuwa na bandi tu.