Kuukuu Si Takataka

Wazee wetu wa mwambao, waliotambua thamani ya mali hata ikiwa haba, hawakukihesabu chombo kuwa kimekufa kwa sababu tu kazi yake ya kwanza imekwisha. Kanga iliyofifia nakshi zake iligeuzwa mbeleko. Ilipozidi kuchakaa ikapasuliwa kuwa winda la mtoto mchanga, kisha kitambaa cha kuipulia sufuria motoni, na hatima yake ikawa utambi wa koroboi.

Na koroboi yenyewe, ukiitazama kwa makini mikononi mwa fundi bati, ni kopo tupu la maziwa lililokatwa kwa mkasi, likakunjwa pindo, likapachikwa mrija mwembamba wa kupitishia utambi, kisha likatiwa lehemu hata lisivujishe tone la mafuta. Vivyo hivyo tairi lililokwisha barabarani, likichongwa kwa kisu kikali, huwa katambuga za kudumu miaka.

Hekima hiyo haijatoweka. Huko Lamu, mwaka 2018, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa takriban tani 10 za plastiki iliyotupwa na kupambwa kwa kandambili zipatazo 30,000. Na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja.

Basi, ewe msomaji, kabla hujakitupa chochote jalalani, kigeuzegeuze mkononi na ujiulize kinaweza kufaa kwa kazi gani nyingine. Kwani israfu ni hasara kwa nyumba, na ni dhuluma kwa ardhi na bahari tuliyoachiwa amana.