Somo la Redio: Ngoma Isikike Kama Ngoma

Mwalimu wa kikundi, tafadhali waulize wazee waliokaa nyuma kama wanasikia. Wakisema hapana, usiongeze sauti bado, maana hilo ndilo somo letu la leo.

Redio si kitu kigeni kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi kusikiliza mafunzo ya afya. Mwaka 1995 Redio Kwizera ilianza Ngara, wakati wa wakimbizi wa Rwanda na Burundi. Lakini tumezoea sauti mbovu hata tunadhani redio ndivyo ilivyo. Ngoma ikipigwa uwanjani, pigo lake walisikia kifuani. Ngoma hiyo hiyo ikitoka redioni hulia kama debe. Tena kwenye imla mwalimu asema "pata", mwanafunzi aandika "kata", naye huonekana mzembe. Huenda kosa ni la spika.

Tuitazame basi. Ndani ya spika mna sumaku, na koili ya waya mwembamba iliyogundishwa nyuma ya karatasi ngumu yenye umbo la faneli. Umeme ukipita katika koili, koili huvutwa na kusukumwa penye sumaku, na karatasi husukuma hewa. Hewa hiyo ndiyo sauti. Wamarekani wawili, Rice na Kellogg, waliieleza spika ya namna hii mwaka 1925, na mpaka leo nyingi hutengenezwa hivyo.

Mtu akinong'ona, karatasi hutikisika kidogo tu. Pigo la ngoma huja ghafula, lina nguvu mara nyingi kuliko sauti iliyolitangulia, kisha hutoweka. Spika njema huruka pamoja nalo na kutulia pamoja nalo. Spika ndogo hufika mwisho wa mwendo wake, pigo likabanwa.

Sasa fanyeni jaribio. Mwombeni fundi spika tupu, isiyo na sanduku, aiunge kwenye redio kwa sauti ya chini. Ishikeni mkononi. Sauti ni nyembamba, haina uzito. Kisha chukueni ubao mpana wenye tundu la ukubwa wa ile faneli, mbandike spika hapo. Sauti nzito hurudi mara moja! Kwa nini? Karatasi ikisukuma hewa mbele, huivuta nyuma. Bila ubao, hewa ya mbele huzunguka ukingo na kujaza pengo la nyuma, na sauti nzito hufa kabla ya kumfikia mtu. Ubao huzuia mzunguko huo. Sanduku huuzuia vizuri zaidi.

Kwa hiyo sanduku si pambo. Seremala atumie mbao nene, kama milimita 18, aunganishe kwa gundi na skrubu, asiache ufa. Ndani wekeni pamba au blanketi kuukuu kumeza mwangwi. Gongeni ubavuni kwa kidole: likilia kama ngoma, liongezewe ubao wa kukaza katikati. Sanduku halipaswi kuimba. Kazi hiyo ni ya spika.

Hapa vikundi vingi hupoteza fedha. Watu huchanga, wakanunua amplifaya kubwa zaidi. Lakini ukizidisha wati mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu, na sikio halioni tofauti kubwa. Ili sauti ionekane kuwa mara mbili, zahitajika wati kama mara kumi. Afadhali muulize spika yatoa desibeli ngapi kwa wati moja, mtu akiwa mita moja mbele yake. Yenye desibeli 92, ikipewa wati 10, hulia sawa na ya desibeli 86 iliyopewa wati 40. Kwa nyumba ya sola tofauti hiyo ni kubwa mno. Angalieni pia omu: spika mpya isiwe na omu chache kuliko zile zilizoandikwa kwenye amplifaya, isije ikaungua. Wenye redio ya umeme wa ukutani, chomoeni waya kwanza, na ndani ya redio aguse fundi tu.

Betri ikichoka, au kitufe kikizungushwa hadi mwisho, amplifaya hukata vilele vya sauti, nayo ikakwaruza. Punguzeni.

Pahali pa kuiweka ni bure kabisa. Pembeni mwa chumba sauti nzito huzidi, pengine kupita kiasi; isogezeni kidogo kidogo mpaka maneno yawe wazi. Spika ndogo ya sauti nyembamba iwe kimo cha masikio ya waliokaa, iwaelekee, kwa maana sauti za p, t, k na s hutegemea hiyo. Mikeka ukutani hupunguza mwangwi. Mvua ikinyesha juu ya bati, ngojeni ipite. Hakuna spika ya kushindana nayo.

Jambo moja lisiwashangaze. Vituo vya redio hubana sauti kabla ya kuirusha, kubwa na ndogo zikaribiane. Spika haiwezi kurudisha kilichobanwa huko. Kwa hiyo jaribuni spika yenu kwa ngoma mliyoirekodi wenyewe kijijini.

Kazi ya juma hili: mwalimu asome maneno kumi kupitia spika ikiwa chini sakafuni, kisha maneno mengine kumi ikiwa juu ya meza. Waliokaa nyuma waandike. Hesabuni makosa ya kila mara.