Mwaka Mzima na Vitabu vya Unguja

Riwaya za Zanzibar zinanoga zaidi zikisomwa kwa kufuata miaka inayosimuliwa ndani yake, si miaka zilipochapishwa. Vitabu vinavyotajwa hapa vilisomwa hivyo kwa mwaka mmoja, kimoja baada ya kingine. Vingi ni vile ambavyo watu walivisoma zamani shuleni kwa ajili ya mtihani, wakavisahau.

Cha kwanza kinaanzia ng'ambo ya pili ya bahari. Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ila wasomaji wengi wa Kiswahili hawakulijua jina lake mpaka alipotunukiwa Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaitoa kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa SOAS, London. Hadithi inapita mwambao na bara kabla ya vita vya 1914. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa kwao na Aziz, tajiri anayemdhania kuwa ndugu wa familia. Anafikishwa dukani, na huko ndiko Khalil, kijana muuza duka, anakomweleza bila kumbembeleza kwamba tajiri yule hana undugu naye wowote. Yusuf ni rehani, kwa sababu baba yake ana deni. Khalil naye ni rehani vilevile. Baada ya hapo msomaji haoni tena msafara wa biashara kama alivyokuwa akiuona katika vitabu vya historia.

Kinafuata kitabu chembamba, Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, uliotoka mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, akaingia mjini, akawa sauti ya taarabu, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert anammwagia sifa mpaka mtu anatamani aambiwe zaidi kuhusu wale waliomdharau. Hata hivyo, hakuna lango zuri kuliko hili la kuingilia Unguja ya miaka ya 1920.

Kuanzia hapo njia ni ya Adam Shafi. Kuli, iliyochapishwa mwaka 1979, inamfuata Rashidi, kijana wa kimaskini anayeishia kubeba mizigo bandarini kama baba yake, na inafikia kilele katika mgomo wa 1948, ambao ni tukio la kweli lililousimamisha mji. Mwandishi ana haraka ya kufundisha, na mara nyingine wahusika wanazungumza kama wako jukwaani. Lakini jasho la bandarini linanuka kutoka kwenye kurasa.

Vuta N'kuvute, ya mwaka 1999, haina haraka hiyo, na ndiyo kazi yake bora. Tuko miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, ameozwa kwa Raza, mwenye duka wa miaka 52. Anatoroka, jamaa zake wanamkataa, na anapokelewa na Mwajuma, mwanamke wa uswahilini mwenye chumba kidogo na moyo mkubwa. Ndipo anapokutana na Denge, msomi anayewindwa na polisi wa mkoloni kwa siasa zake. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita nchini Tanzania wameichambua miaka mingi kwa vichwa vya dhamira, migogoro na ujenzi wa wahusika, na bahati mbaya uchambuzi huo humficha Mwajuma, ambaye akiingia tu chumbani mazungumzo yanachangamka. Amil Shivji aliitengenezea filamu, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021. Anayeijua filamu tu bado ana deni la kitabu.

Kasri ya Mwinyi Fuad ilitoka mwaka 1978 na inasimulia kuangushwa kwa mabwana wa mashamba katika Mapinduzi ya 1964. Fuad ni katili asiye na chembe ya huruma, pengine kupita kiasi. Riwaya ingekuwa nzito zaidi angekuwa na jambo moja jema. Anayeiokoa ni Kijakazi, mtumishi aliyeutoa umri wake wote kwa bwana huyo na ambaye, hata utumwa unapoisha, haelewi kwa nini aache kumtumikia.

Haini, ya mwaka 2003, isomwe mara tu baada ya Kasri. Rais Abeid Amani Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, ikafuata kamatakamata, na Adam Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliotiwa ndani. Riwaya inaingia gerezani na Hamza, na kinachobaki kichwani ni vile vitu vidogo: kusikiliza hatua za askari, kubahatisha nani ataitwa leo. Kinachoshangaza zaidi ni tarehe. Mtu huyu alikuwa ameshafungwa na serikali ya Mapinduzi alipochapisha Kasri, riwaya inayoyashangilia Mapinduzi hayohayo, na ikapita miaka 25 kati ya kitabu kile na hiki. Kwa hiyo Kasri si kazi ya kijana asiyejua lolote. Aliamini kwamba Fuad alistahili kuanguka, na Haini haikanushi hilo hata kidogo.

Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001, inakuja mwisho. Mkubwa mmoja anayeitwa K, aliyeshiba matunda ya uhuru, anatembelewa na mzuka wa babu yake na kulazimishwa kuitazama nchi alivyoifanya. Ni kitabu kigumu, chenye kurasa za ndoto ndani ya ndoto, na asiyezoea uandishi wa aina hiyo atachoka mapema. Mwenye nafasi ya vitabu viwili tu mwaka huu akiache hiki, achukue Kasri na Haini, avisome katika mwezi mmoja.