Usiogope Kulowa, Ogopa Radi

Masika yakianza tu, swali huwa ni lile lile. Naulizwa kliniki, naulizwa kwenye makundi ya WhatsApp ya jogingi, na wanaouliza ni watu waliosoma: "Dokta, jana nilinyeshewa nikikimbia. Ninywe amoksilini mapema, nimonia isije ikaniingia?" Wengine hawangoji hata jibu. Wameshapita duka la dawa, wamenunua vidonge vya rangi mbili, wamemeza viwili usiku na viwili asubuhi, ndipo wanakuja kuuliza kama wamalizie dozi.

Jibu ni hapana. Leo nalieleza kwa kirefu, kwa sababu imani hii ina madhara ambayo wenye kuiamini hawayaoni.

Nimonia ni maambukizi ya mapafu. Huletwa na bakteria au virusi, na mara chache kuvu. Bakteria anayeongoza, Streptococcus pneumoniae, haji na matone ya mvua. Makazi yake ni pua na koo la binadamu, hata aliye mzima kabisa, na huhama kwa kikohozi, kwa chafya na kwa mate. Maji yanayokupiga mgongoni pale Coco Beach hayana njia ya kupenya ngozi na mbavu yakafika mapafuni. Tunaposema "baridi imemwingia kifuani" tunasema jambo ambalo mwili hauna mlango wake.

"Lakini dokta, nilinyeshewa asubuhi, jioni mafua yakanianza." Ushahidi huo unampinga anayeutoa. Virusi vingi vya mafua huchukua siku 1 hadi 3 tangu vinapoingia mpaka dalili zijitokeze. Kama ulianza kupiga chafya jioni ile ile, ulivipata kabla ya mvua kunyesha. Ama kamasi zinazotiririka wakati unakimbia kwenye hewa ya baridi, hizo ni kazi ya kawaida ya pua kulainisha hewa unayovuta, wala si ugonjwa.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1968 nchini Marekani, R. Gordon Douglas na wenzake walichapisha matokeo yao katika New England Journal of Medicine. Waliwaambukiza watu virusi vya mafua kwa makusudi, wakawaweka baadhi yao kwenye baridi na wengine wakawaacha. Baridi haikuleta tofauti. Upo pia utafiti ambao wabishi hupenda kunitumia, ule wa Cardiff, Uingereza, wa mwaka 2005. Watu 90 walitumbukiza miguu kwenye maji baridi kwa dakika 20, na wengine 90 hawakutumbukiza. Siku chache baadaye, 13 wa kundi la kwanza walisema wana mafua, na 5 wa kundi la pili. Basi watu husoma hapo na kufunga ukurasa. Hawaelezi kwamba hakuna aliyepimwa virusi, kila mtu alijisemea dalili zake mwenyewe. Hawaelezi kwamba maji yale yalikuwa ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi, wakati Dar es Salaam mwezi Aprili hata hewa ya usiku wa manane ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20. Na watafiti wenyewe walidhani baridi ilikuwa imevipa nafasi virusi ambavyo tayari vilikuwa puani. Vilikuwa vimeletwa na mtu.

Kwa nini basi masika huja na kikohozi? Panda daladala ya saa 12 asubuhi mvua ikinyesha. Madirisha yote yamefungwa, vioo vimejaa ukungu wa pumzi za watu, abiria waliosimama wamebanana kifua kwa mgongo, na kwenye kiti cha nyuma mtu anakohoa bila kuziba mdomo. Hapo ndipo unapougua. Ukitoka mazoezini ukakaa saa nzima humo, utailaumu mvua. Hali ni ile ile kwa vikundi vya jogingi vinavyochota maji kwa kikombe kimoja, watu 20 mfululizo.

Sasa hizo amoksilini. Haziui virusi, na mafua karibu yote ni ya virusi. Hazikuwekei akiba ya kinga mwilini. Zinachofanya ni kuua bakteria wepesi unaoishi nao na kuwaacha wagumu wazaliane, ili siku utakapopata nimonia ya kweli, wewe au mwanao unayelala naye chumba kimoja, dawa ya bei nafuu igome. Usugu wa vimelea unatengenezwa hivi hivi, kwa vidonge vinne vya tahadhari. Mwenye duka la dawa anayeviuza bila cheti naye anajua anachofanya.

Lakini dhara linalonikera zaidi liko barabarani. Mtu aliyefundishwa kuogopa kulowa, mvua ikimkuta hukimbilia chini ya mti. Nawaona kila msimu: kundi zima la wakimbiaji limejibanza chini ya mwembe, wamekumbatia mikono, na kwa mbali mbingu inanguruma. Wamekwepa hatari isiyokuwepo na kuifuata ile inayoua. Radi hupenda kilichosimama juu. Ikiupiga mti, umeme unaweza kumrukia aliyesimama karibu na shina, au kupita ardhini kwenye mizizi na kumpanda miguuni. Wengi wanaodhurika hawapigwi moja kwa moja. Na raba zako hazikukingi. Umeme uliovuka kilomita kadhaa za hewa hauzuiwi na sentimita tatu za soli. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na Juni 2011 huko Kiryandongo, Uganda, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao wakiwa shuleni. Watu wa Mwanza, Geita, Kakamega na Kisii hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Woga huo huo wa kulowa huwavisha watu koti la nailoni juu ya sweta kwa ajili ya kukimbia kwenye mvua ya Pwani. Mwenye kilo 70 anayekimbia kilomita 10 kwa saa anatumia takriban kilokalori 700, na karibu robo tatu yake ni joto linalotafuta pa kutokea. Mvua inamsaidia kulitoa, nailoni inalifungia ndani. Kwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, nakuhofia zaidi jua la saa nne linalotoka baada ya mvua, unyevu ukiwa mwingi kiasi kwamba jasho linadondoka badala ya kukauka. Jasho linalodondoka halipozi. Mwaka 2019 mjini Doha, marathoni ya wanawake ya ubingwa wa dunia ilianza usiku wa manane kwa sababu ya joto, na bado kati ya wanariadha 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2:32:43, muda wa polepole mno kwa mkimbiaji wa kiwango chake. Alikuwa amefanya uamuzi wa busara wa kupunguza kasi.

Baridi nayo inaua, ila kwa kushusha joto la mwili chini ya nyuzi 35. Mei 2021 katika milima ya mkoa wa Gansu, China, mvua ya barafu na upepo mkali viliua wakimbiaji 21 katika mbio za kilomita 100. Kama unakimbia Makete, Iten au miteremko ya juu ya Kilimanjaro, mvua ikija na upepo vaa koti jepesi la kuzuia upepo na usiende mbali na nyumba. Ukianza kutetemeka na ulimi kuwa mzito, rudi mara moja.

Yaliyobaki ni mafupi. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, usitoke. Ikikukuta njiani, ingia kwenye jengo imara au gari lenye bodi ya chuma. Bajaji na kibanda cha kituo havihesabiki. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, kama ilivyofanya kwa Kimbunga Hidaya Mei 2024, fanya mazoezi sebuleni. Usivuke maji yanayotembea, wala yaliyotulia usiyoona chini yake, kwa kuwa mifuniko ya mitaro huibwa na nyaya huanguka. Ukiwa na kidonda mguuni, yaepuke kabisa. Homa ya mgunda inapita humo. Vaa nguo ya rangi inayoonekana, kimbia ukiyatazama magari yanayokuja, punguza hatua kwenye lami yenye utelezi. Mwenye seli mundu asikimbie akilowa kwenye baridi, maana baridi inaweza kumwamshia maumivu. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Mvua tupu, isiyo na ngurumo, upepo mkali wala mafuriko, kimbia. Ukifika nyumbani, vua nguo zilizolowa, jifute, kunywa chai ya tangawizi ukipenda.

Na ukipata homa, kikohozi, maumivu ya kifua unapovuta pumzi, au ukapumua haraka hali umekaa, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukapimwe, uwe ulinyeshewa au hukunyeshewa.