Kitako cha Bunduki ya Uwindaji Kinapopasuka: Wajibu wa Mmiliki na Kazi ya Fundi

Kitako cha mbao ndicho kinachopokea mshtuko wa bunduki kila risasi inapofyatuliwa. Kikipasuka, shabaha hupotea, na mpasuko usiposhughulikiwa kitako huweza kuvunjika mikononi mwa mwindaji. Mmiliki halali wa silaha anapaswa kufahamu anayoweza kuyafanya nyumbani na yanayomhitaji fundi mwenye leseni.

Katika Mkoa wa Tabora jambo hili lina historia ndefu. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na magobore yaliingia kwa wingi kupitia njia hiyo. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, aliyatumia katika vita vyake. Hadi leo zipo familia zinazohifadhi gobore la babu kama urithi.

Chanzo kikubwa cha mipasuko ni unyevu. Mvua za Tabora hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu. Mbao huvimba wakati wa masika na kusinyaa zinapokauka. Mninga wa misitu ya miombo husifika kwa kusinyaa kidogo, lakini hata wenyewe hupasuka kwenye shingo ya kitako, mahali pembamba mkono unaposhika.

Nyumbani, mmiliki ahakikishe kwanza kuwa bunduki haina risasi, kisha aifute na kukagua shingo kwenye mwanga wa kutosha. Mafuta yapakwe kidogo tu kwenye chuma. Yakizidi huingia katika mbao, huzilegeza na kuzuia gundi kushika. Mpasuko ukionekana, bunduki isitumike tena.

Fundi hutenganisha kitako na chuma, husafisha mafuta, hupenyeza gundi ya epoksi hadi ndani ya mpasuko na kuubana mpaka gundi ikauke kabisa. Kwenye shingo hupachika kijiti cha mbao ngumu kinachokatiza mpasuko, kwa kuwa gundi pekee huweza kuachia kwa mshtuko unaorudiwa. Msumari hautumiki, maana huzipasua mbao zaidi.

Silaha nchini husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uwindaji husimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Kwa hiyo bunduki isiachwe kwa seremala wa mtaani, hata kama kinachotengenezwa ni mbao tu: kufanya hivyo ni kuikabidhi silaha kwa mtu asiye na kibali nayo. Mmiliki afike kituo cha Polisi cha wilaya aelekezwe kwa fundi anayetambulika. Wenye gobore la urithi lisilo na kibali nao watoe taarifa Polisi kabla ya kufikiria matengenezo yoyote, kwani ukongwe wa silaha haumwondolei aliyenayo wajibu wa kisheria.